Jina limebadilika, majaribio yameanguka
Jamani, JUnit 5, zana ya kuendesha majaribio ya msimbo wa Java! Nimebadilisha jina la jaribio moja tu, na mengine mawili ambayo sikuyagusa yakaanguka. Kumbe haifuati mpangilio wa kwenye faili. Ina utaratibu wake unaotokana na majina ya methodi (vipande vya msimbo, hapa kila kimoja ni jaribio). Jaribio la kufuta mtumiaji likatangulia la kumsajili!

Nimeweka @TestMethodOrder(OrderAnnotation.class) juu ya klasi, kisha @Order(1), @Order(2) kwenye methodi, yaani namba za zamu. Yamepita. Ila kwangu hiyo ni panadol tu: jaribio dogo lijiandalie data yake kwa @BeforeEach, inayoendeshwa kabla ya kila jaribio. Namba zibaki kwa mtiririko mrefu, mfano usajili hadi malipo.

Mkitaka kuyaumbua majaribio yanayotegemeana kisirisiri, wekeni MethodOrderer.Random, inayochanganya mpangilio kibahatibahati, muone.