Kwa nini kolonoskopi huishia njiani

Kolonoskopi, yaani kipimo cha kuukagua utumbo mpana kwa kamera, huhesabiwa kuwa imekamilika pale tu kamera, inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, inapofika pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, upande wa chini kulia wa tumbo. Utumbo mpana una urefu wa takriban mita 1.5 na kona kali mbili, moja karibu na bandama na nyingine chini ya ini, hata hivyo miongozo ya Uingereza humtaka daktari afike huko angalau mara 90 katika kila vipimo 100.

Jambo lililo mikononi mwetu zaidi ni usafi wa utumbo. Shangazi yangu alitoka Mbale kuja kupimwa Kampala akiwa na karatasi iliyomwambia ale "chakula laini", naye akala kilicho laini kwetu: matoke kwa mchuzi wa karanga, na juisi ya pasheni isiyochujwa. Dawa yote ya kusafisha utumbo aliimaliza jioni, kwa kuwa alfajiri alikuwa na safari, na ni nani atakayekunywa dawa ya kuharisha kisha apande basi? Kamera ilikuta ukoko wa kahawia, mbegu zikaziba tundu la kunyonyea uchafu, daktari akasitisha. Nusu ya pili ya dawa ilifaa inywewe saa nne hadi sita kabla ya kipimo, kwa sababu usiku kucha utumbo mwembamba huendelea kumimina majimaji yenye nyongo upande wa kulia. Anayetoka mbali basi alale karibu na hospitali, na gharama hiyo itajwe siku ya kupanga miadi.

Yapo yasiyo mikononi mwa mgonjwa kabisa. Wanawake, watu wembamba na waliowahi kufanyiwa upasuaji wa viungo vilivyo ndani ya nyonga, hasa wa kuondoa kizazi, hupitika kwa shida zaidi, na kwa hao wa upasuaji makovu huushikilia utumbo ukakataa kunyooka. Uvimbe nao waweza kuziba njia. Hapo ndipo uzoefu wa daktari hujulikana: kumgeuza mgonjwa ubavu, kumwomba muuguzi akandamize tumbo, kutumia maji badala ya hewa, au kuchukua kamera nyembamba. Ripoti inayosema tu "haikukamilika" haitoshi. Idai iandike kamera iliishia wapi na kwa nini, kwa kuwa uchafu hudai maandalizi mapya, ilhali uvimbe unaoziba hudai kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili kwa mionzi, bila kukawia.