Siku yangu getini, mjengo wa Kilimani

Saa kumi na moja asubuhi natoka Kawangware kwa miguu. Saa kumi na mbili na nusu nimevaa helmeti na reflekta, bendera mbili mkononi za kuongoza malori: nyekundu na kijani. Fomani anasema leo tunamwaga slabu, sakafu ya zege, kwa hiyo miksa, malori ya zege, zitafuatana. Zege haingoji mtu, na dereva aliyekwama foleni ya Ngong Road hufika akiwa amechemka kuliko injini yake.

Saa mbili, miksa ya kwanza. Nafunga njia ya wapita njia kwanza, ndipo namwita dereva aingie rivasi. Tumekubaliana: asiponiona kwenye kioo, anasimama. Usukani uko kulia, kwa hiyo nyuma na ubavu wa kushoto ndiko asikoona. Mimi husimama upande wa dereva, mbali na tairi. King'ora cha rivasi kinalia, lakini Nairobi nani hugeuka kwa sababu ya kelele? Na mtu wa boda anayepanda juu ya njia ya miguu, bendera kwake ni pambo tu.

Saa saba, githeri, mahindi na maharagwe. Zamani Mama, muuza chakula wetu, alikuwa akiuzia kwenye kivuli cha ukuta, ndani ya geti la malori. Njia ya miguu tulikuwa nayo, imezungushiwa uzio na kupakwa rangi ya njano, kibao juu. Nani aliipita? Chakula kilikuwa upande wa pili. Siku moja fundi alichuchumaa na sahani nyuma ya tipa lililoegeshwa, dereva akawasha. Niligonga bodi kwa mti wa bendera nikipiga mayowe. Fundi aliruka, sahani ikasagwa.

Sikuomba kibao kingine. Niliomba Mama ahamishiwe geti dogo, la watu wa miguu, na ajengewe kibanda cha mabati. Alininunia wiki nzima: "We msichana, unanifukuzia wateja?" Siku hizi mjengo wote unapita geti dogo bila kuambiwa.

Saa tisa mvua, tope, miksa mbili zaidi. Saa kumi watoto wa shule wanapita. Hapo hakuna lori linalosogea, hata dereva apige honi vipi.

Saa kumi na moja na nusu tipa la mwisho limetoka. Mama anakusanya sufuria, leso imelowa. Kibanda kinavuja, anataka mabati mawili. Nimeandika kiganjani nisisahau kumwambia fomani kesho.