Kitalu nyumba cha mtumba

Leo mifupa ya kitalu nyumba chetu, yaani grinihausi, imesimama. Nailoni bado, neti bado, mlango ni uwazi tu, lakini ukipita barabarani unayaona matao ya chuma yamejipanga nyuma ya migomba ya Mama. Mpita njia mmoja ameuliza kama tunajenga kanisa. Mama akamjibu karibu Jumapili, ila uje na jembe.

Nilikinunua kwa bwana mmoja upande wa Usa River aliyeachana na kilimo akarudi kwenye shughuli zake mjini. Huku chini ya Mlima Meru vitalu vya namna hiyo utaviona vingi ukizunguka. Kuna kipindi kila mwenye mshahara na robo eka alitaka chake. Hesabu zilipigwa kwenye karatasi, mche mmoja kilo kadhaa, kilo moja shilingi kadhaa, zidisha, na karatasi haikuwa na kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya, wala mnyauko. Misimu michache ikapita, nailoni ikachanika, mwenyewe akaacha kuja shambani hata kuangalia. Chuma kikabaki kinapigwa na jua, na chuma hakikuwa na kosa lolote.

Aliniambia kimekamilika, ila vifaa vichache havipo. Tulipovitandaza majanini nikaona bwana huyu ana utani. Matao yalitakiwa kuwa 7: moja halikuwepo kabisa, na jingine lilikuwa limeangukiwa na tawi la mgrevilea likabonyea begani. Milango na fremu zake ilishageuka banda la kuku. Mabomba ya mshazari yanayokaza pembe yalikuwa mawili badala ya manne. Bolti zilikuwa nusu kopo la rangi, nyingi bila nati. Mifereji ya bati inayoshika nailoni ilitosha, lakini waya zake za zigizaga, zile unazozikandamiza ndani ili zibane, zilikuwa zimeliwa na kutu.

Hayo yote hayakunitisha, kwa sababu kilichopungua unakiona. Nilichotaka kujua ni kwa nini kimeachwa. Kwa hiyo kabla sijataja bei niliomba glasi ya maji.

Yule bwana akaniletea maji ya kunywa, kwenye trei, kwa heshima zote. Nikamwomba radhi, nikaenda nayo ndani ya kitalu. Katikati ya magugu kulikuwa na mche wa nyanya uliojiotea, umenyauka wote huku majani bado ya kijani, hayajapata hata manjano. Nikakata kipande cha shina karibu na mzizi, nikakining'iniza ncha yake izame kidogo kwenye maji, nikashika glasi bila kuitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, mwembamba, ukijipinda taratibu kama moshi wa udi uliogeuzwa chini juu. Tukauangalia wote wawili. Nikamwambia maji haya tusiyamwage shambani. Akacheka kidogo. "Mwalimu, shamba lenyewe limeshajaa hayo."

Huo ndio mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupuliza. Ukishaingia kwenye udongo unakaa miaka, unasafiri kwa maji, kwa matope ya buti, kwa jembe la kuazima, na kwa miche iliyonunuliwa bila kujua imetoka kitalu gani. Mwenye shamba la wazi anahama, mwaka huu nyanya hapa, mwaka ujao mahindi. Mwenye kitalu nyumba amefungwa: amemwaga zege, amevuta maji, basi anapanda nyanya palepale msimu baada ya msimu mpaka udongo umshinde. Kisha anasema kitalu hakilipi.

Bei ilishuka sana baada ya ile glasi. Sikuona aibu.

Kilipofika nyumbani, kwa kirikuu na kamba za katani, kazi ya kwanza ilikuwa kuosha. Miguu ya matao ilikuja na udongo wa kule ndani ya bomba, umekauka ukashikana. Tuliugongea kwenye karai, tukausugua kwa brashi ya waya na sabuni, halafu jiki, halafu tukasuuza maana jiki ikikaa inakula zinki iliyopakwa juu ya chuma, kisha tukavianika juani. Ule udongo tuliupeleka kwenye shimo la choo cha zamani. Vijana walioshusha mzigo walidhani nimechanganyikiwa, mtu kuosha vyuma kama vyombo vya harusi.

Halafu yakaja mabishano ya tao lililokosekana. Kitalu kilikuwa mita 8 kwa 15, matao yakisimama kila baada ya mita 2.5. Ukibaki na 6, ushauri wa yule bwana ulikuwa kuyatawanya, uache mita 3 kati ya tao na tao, na urefu unabaki uleule. Kwa hesabu ni sawa kabisa. Ila nailoni ikiachiwa nafasi pana inalegea, ikilegea maji ya masika yanatuama juu yake, na lita moja ya maji ni kilo moja. Upepo nao unapata pa kuipigapiga. Fundi wangu alitaka akunje tao la 7, jipya. Niliposikia bei ya bomba nikaamua kitalu kipungue: nafasi 5 za mita 2.5, jumla mita 12.5, eneo mita za mraba 100 badala ya 120. Mama alisikiliza mjadala mzima akauliza, "Kwani hizo mita mbili na nusu ulitaka kulala humo?"

Tao lililobonyea ndilo lililonipa raha. Fundi ni mzee wa siku nyingi, alianza na baiskeli, akaenda kwenye mageti na madirisha. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye chuma. Akalaza tao zima chini, akapigilia mambo za mti, yaani vigingi, kulifuata umbo lake lote, kisha akaliondoa. Zile mambo zikabaki ardhini zikiwa ndiyo kipimo. Akakata sehemu iliyobonyea kwa msumeno, akachukua kipande kingine cha bomba, akaziba ncha moja kwa kigingi, akajaza mchanga mkavu. Alikuwa anamimina kidogo, anagonga ubavu kwa mpini wa nyundo, mchanga unakaa, anamimina tena, mpaka ukawa hauingii hata punje. Akaziba ncha ya pili. Bomba tupu ukilikunja linajikunyata upande wa ndani. Likishajaa mchanga halina pa kujikunyatia, inabidi lifuate mkono. Alilikunja kwa kulivuta polepole kwenye zile mambo, anasimama, anaangalia, anavuta tena. Akafungua, mchanga ukamwagika, akanipa nichungulie ndani. Duara safi.

Kwenye kuchomelea nilisogea mbali. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta usiku unatetemeka kwa homa. Fundi anaamini maziwa, na alikunywa nusu lita yake kabla hajawasha mashine. Mimi naamini kwanza kukwangua zinki pale unapounga, halafu kusimama upande upepo unakotoka. Alifanya yote mawili kuniridhisha, maziwa akayalipisha kwangu. Kiungo kilipopoa tukakipaka rangi ya zinki, maana pale palipochomwa ndipo kutu itakapoanzia.

Nailoni ya zamani niliichunguza kabla ya kuitupa, na nashauri yeyote afanye hivyo. Ilikuwa imechanika kwa mistari, na kila mstari ulikaa juu ya tao. Katikati ilikuwa bado ina uhai kiasi. Maana yake bomba lilikuwa linapata moto wa jua na kuikaanga nailoni pale inapoligusa. Nailoni za vitalu huwekewa dawa ya kuzuia mionzi ya jua, na dawa hiyo inaisha haraka penye joto kali, au penye salfa na viuatilifu vyenye klorini. Kwa hiyo juzi jioni nimepaka mgongo wa kila tao rangi nyeupe. Nailoni mpya itakuwa ya maikroni 200, na tutaivalisha asubuhi kabla upepo haujaamka, upande ulioandikwa ukisomwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Hapo sina ubunifu.

Miguu tulibishana pia. Fundi alitaka tao lizame kwenye zege, basi. Nilimwambia hapana, zege lishike kipande kifupi cha bomba nene, tao lichomekwe humo na kufungwa kwa bolti. Akasema hiyo ni kazi mara mbili. Ni kweli. Lakini udongo ukinichosha nataka niwe na spana tu, nikisogeze kitalu upande wa pili wa migomba. Yule bwana wa Usa River angekuwa na bolti pale chini, pengine angekuwa bado mkulima.

Mipira ya kumwagilia kwa matone sitaisemea sana. Ya zamani ilikuwa imeziba kwa chokaa na panya walishapita nayo, nimenunua mipya, ya tundu kila sentimita 30. Tangi litakaa juu ya stendi ya mita 2, msukumo mdogo lakini kwa eneo hili unatosha. Mlango utakuwa wa mbao, na itakuwa miwili yenye kichumba katikati, unafunga wa kwanza ndipo ufungue wa pili. Neti ya matundu 50 kwa inchi haina maana kama kila anayeingia anaingia na inzi weupe mgongoni. Kantangaze naye, tangu aingie nchini mwaka 2014, hasubiri kualikwa.

Sasa tumebaki na jambo moja, nalo si la chuma. Mita chache kutoka kwenye ukuta wa mashariki kuna tuta la mnavu la Mama. Mnavu ni ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo, na mnyauko hauchagui ndugu. Nimemweleza kwa adabu, nikamwambia hata ile ya glasi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mnavu huu nimeukuta hapa na mama mkwe wangu. Hiyo grinihausi imekuja lini?"

Jana imekuja, Mama.

Basi tumekubaliana hivi. Mnavu unabaki. Katikati tumechimba mfereji, maji ya mvua kutoka tutani yasishukie kitaluni, na jembe la Mama na la kitaluni hayatakutana. Nyanya hazitaingia kwanza. Tutaanza na matango, ambayo hayana undugu na mnavu, na huku juu ya mita 1,000 usiku ni wa baridi, yatalifurahia joto la ndani. Fundi anarudi Ijumaa na mbao za mlango. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, nitashuka kuuliza matango yanakwendaje kwa tenga, na Mama ameshaniagiza nimletee mbegu ya mnavu.