Binamu yangu mvuvi aliponiuliza maji yanapwa lini

Kwa miaka mitatu nilikuwa na madaftari manne ya nchi niliyoibuni kwa ajili ya riwaya, nchi isiyo na hadithi. Wafalme wake niliwajua vizazi 12 nyuma, ramani niliichora kwa wino wa rangi tatu, lakini kila nikianza sura ya kwanza, kalamu inagoma kwenye ukurasa wa sita.

Kilichonizindua ni kurudia *Kusadikika* ya Shaaban Robert, mtu wa huku kwetu Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Sekondari nilikisoma kwa ajili ya mtihani. Safari hii nilikisoma kama fundi anayekagua nyumba ya fundi mwenzake. Nchi ile inaelea angani, lakini ninaijua kwa sababu Karama amesimama mbele ya baraza anajitetea, na kwa yaliyowapata wajumbe waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Sheria za Kusadikika nazijua kwa majeraha ya watu. Kwangu hakuna aliyewahi hata kujikwaa.

Nilikuwa nimesoma habari za *Dungeons & Dragons*, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia ulimwengu, wenzake kila mtu anabeba mhusika wake, na dadu inaamua penye shaka. Nikataka watu waingie nchini mwangu waisumbue. Nikawapata watatu: binamu yangu mvuvi wa Sahare, shemeji yangu fundi cherehani, na jirani anayefundisha hesabu. Tukawa tunakaa Ijumaa baada ya Isha, barazani kwetu Ngamiani, kwa kahawa na kashata.

Dadu ya mchezo huo, ya pande 20, sikuipata, tukatumia mbili za ludo. Mwalimu akatuonyesha kwamba ukizijumlisha, 7 inatoka mara 6 katika 36, na 12 mara moja tu. Tukakubaliana: 7 kwenda juu umefanikiwa, 12 ni muujiza.

Uganga tuliufanyia kitu kingine, na hapa ndipo riwaya ilipoanza kupumua. Tulitia komwe 20 za bao kwenye kifuu, 5 tumezipaka rangi nyekundu. Mganga akitaka kutenda jambo, anachomoa moja bila kuangalia. Nyekundu inamdhuru yeye mwenyewe, na komwe iliyotoka hairudi mpaka kupambazuke. Mwanzo hatari ni moja kwa nne. Ukishatoa 10 salama, zimebaki 10, na 5 kati yake nyekundu. Shemeji ndiye aliyekuwa mganga. Usiku mmoja mchezoni alifika hapo, ana mtoto wa kumsafirisha, mkono kautia kifuuni, akakaa kimya muda mrefu kweli, kisha akautoa mtupu. "Hapana shemeji," akaniambia, "huyu mtoto atabebwa kwa miguu." Nilikwenda kuandika usiku uleule. Katika madaftari yote manne uganga haukuwa na gharama, ndiyo maana haukuwa na utamu.

Binamu yangu naye akanikamata kwenye bahari. Nilikuwa nimeweka miezi miwili angani kwa sababu inapendeza. Akauliza, "Kaka, hii nchi yako maji yanapwa lini?" Sikuwa na jibu. Yeye anaishi kwa hesabu hiyo: maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yanachelewa kama dakika 50, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, ukiwa nusu ni maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo. Miezi miwili, akasema, itatuchanganyia bahari nzima. Mwalimu akachukua karatasi. Tukampa mwezi mmoja mzunguko wa siku 20, wa pili siku 28, akapata kwamba kila baada ya siku 140 inaandama pamoja. Siku hiyo bahari inakimbia mbali kuliko kawaida. Nina kisiwa chenye magofu, nilichokifikiria kwa kutazama Toten pale mbele ya bandari, na kwa miaka mitatu sikujua watu wangu watakifikiaje bila chombo. Sasa watakwenda kwa miguu, na wana saa chache tu.

Kosa nililolifanya baadaye ni kuandika kila kilichotokea barazani. Ile rasimu ilisomeka kama taarifa ya safari, mashujaa watatu wanapokezana kusema. Mchezo unapendeza kwa sababu uko pale mezani na hujui dadu italalaje. Msomaji hana dadu mkononi. Nikamwomba shemeji ruhusa ya kumchukua mganga wake, nikabaki naye peke yake. Wafalme 12 wakatoka, isipokuwa mmoja, yule aliyezikwa kisiwani.

Mwezi uliopita niliwasomea sura ya kuvuka. Binamu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mbona mtu anatembea pekupeku juu ya mwamba uliokupwa na hakatwi na chaza. Nimeiandika upya. Mganga sasa anachechemea, mtoto yuko mgongoni, komwe zimebaki 10, na nyuma yake maji yameanza kurudi.