Ini Jemadari: Tiba ya Jadi ya Kichina Inavyolitazama Ini

Huangdi Neijing, kitabu kikuu cha tiba ya kale ya China kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, kinavipa viungo vya ndani vyeo vya serikali ya kifalme. Moyo ni mtawala, na ini ni jemadari ambaye mikakati yote hutoka kwake, huku mfuko wa nyongo, mwenzi wake, ukikabidhiwa kazi ya kukata shauri. Msomaji asitarajie kulikuta humo ini la darasa la baiolojia, lenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, linalotengeneza nyongo na kuvunjavunja sumu. Ini la matabibu hao ni jina la kundi la kazi mwilini zaidi kuliko kipande cha nyama.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kuhakikisha kwamba chi, yaani nguvu ya uhai, inatiririka pasipo kizuizi. Hisia inayohusishwa na ini ni hasira, na hasa ile ya kumezea. Mtu aliyekatwa maini na jambo akanyamaza kwa miezi huanza kubanwa mbavu, kushusha pumzi kila mara, na kuhisi kitu kimemkwama kooni ambacho hakimezeki wala hakitemeki. Mwanamke huenda akaona hedhi inavurugika na matiti yanajaa na kuuma kabla ya siku zake. Kwa kuwa katika nadharia yao ya asili tano ini ni la asili ya Mti, na wengu, ambao kwao ndio unaosimamia mmeng'enyo wa chakula, ni wa asili ya Udongo unaotawaliwa na Mti, chi ya ini iliyokwama husemwa kuwa inaushambulia mmeng'enyo, ndiyo maana kuna watu ambao kila wakigombana tumbo huwachafuka. Nadharia ya Mti na Udongo siwezi kuithibitisha, lakini waliotazama wagonjwa hivyo walitazama kwa makini.

Ini huhesabiwa pia kuwa ghala la damu, hulisha kano, huonyesha hali yake kwenye kucha na hufungukia machoni. Wapo wanaoongeza kwamba saa zake ni kuanzia saa saba hadi saa tisa usiku, na kwamba anayeamka wakati huo ana tatizo la ini. Hapo mimi siwafuati, kwa maana usingizi hukatizwa na mambo chungu nzima.

Tabibu hupima kwa kuweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono wa kushoto, na kile cha katikati ndicho kinachosikiliza ini. Chi ikiwa imekwama, mshipa huhisika umekaza kama uzi wa udi uliovutwa. Baadaye huenda akachoma sindano kwenye Taichong, kibonde kilicho juu ya unyayo kati ya mifupa ya kidole gumba na kidole cha pili, au akaandika Xiaoyao San, mchanganyiko uliojulikana tangu enzi ya Song, wenye mizizi ya chaihu na danggui, tangawizi na mnanaa miongoni mwa viungo vyake.

Tatizo huanza pale dawa ya ini la nadharia inapopewa ini lenyewe bila vipimo. Heshouwu, mzizi unaosifiwa kwa kuimarisha ini na figo na kuzuia mvi, umewasababishia baadhi ya watumiaji homa ya ini. Nchini Japani, mchanganyiko mwingine wa chaihu uliokuwa ukiandikiwa wagonjwa wa homa ya ini sugu ulihusishwa na kuvimba kwa mapafu, na mwaka 1996 serikali ilitoa tahadhari ya dharura baada ya vifo 10. Kwa hiyo mwenye macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi au tumbo linalojaa maji apimwe damu hospitalini kwanza, na amtajie daktari kila mzizi anaoutumia, hata ule aliouziwa kwa jina la chai.