Vibrafoni na kazi ya kuzima sauti

Jumamosi, usiku

Kinachomvutia mtu kwanza kwenye vibrafoni, chombo cha vibao vya alumini vinavyopigwa kwa vijiti, ni jinsi sauti inavyobaki. Unakanyaga pedali, unapiga kibao kimoja, unashusha mikono, na noti bado iko hewani. Raha hiyo ndiyo inayowaleta wengi kwenye chombo hiki, na ndiyo inayowachelewesha pia. Nazidi kuamini kwamba mafunzo ya vibrafoni mara nyingi yamepangwa kinyumenyume: mwanafunzi anaonyeshwa kwa muda mrefu jinsi ya kuanzisha noti, halafu jinsi ya kuimaliza anaachiwa agundue mwenyewe.

Kwenye marimba za mbao shida hii haipo. Amadinda ya Buganda ina vibao 12 na wapigaji watatu. Wawili wanapishanisha mapigo yao kwa kasi kubwa, wa tatu anaitikia kwenye vibao viwili vya mwisho, na bado kila pigo linasikika peke yake, kwa sababu mbao hunyamaza zenyewe mara tu zikishalia. Alumini hainyamazi. Kibao cha chini kabisa cha vibrafoni kikiachwa huru hulia kwa sekunde nyingi, cha juu kabisa hufifia mapema zaidi, na noti tano za skeli (noti zilizopangwa kwa ngazi) zikirundikana juu ya pedali iliyokanyagwa, wimbo haujulikani tena.

Hata historia ya chombo inasema hivyo. Vibrafoni za mwanzo zilitengenezwa na kampuni ya Leedy, Indianapolis, Marekani, zikiwa na vibao vya chuma kigumu. Mwaka 1927 Henry Schluter wa kampuni ya Deagan, Chicago, aliweka alumini, akarekebisha vipimo vya vibao ili sauti zao za ndani zikubaliane, na akaongeza upau wa kuzimia unaoendeshwa kwa mguu. Hilo la tatu ndilo lililokifanya kuwa chombo cha kupigia muziki wa kila aina. Umbo hilo ndilo tulilo nalo leo: vibao 37, oktava tatu, kuanzia F iliyo chini ya C ya kati ya piano hadi F ya juu.

Kwa hiyo kabla ya skeli yoyote, chunguza upau. Umelala katikati ya safu mbili za vibao, umevikwa sufu nzito, na springi inausukuma juu mpaka uguse vibao vyote; ukikanyaga pedali, unashuka na kuviachia. Ondoa mguu kabisa, kisha piga vibao vyote 37 kimoja kimoja. Kila kimoja kinatakiwa kitoe "tok" fupi tu. Safu moja ikilia na nyingine ikanyamaza, upau umeinama upande mmoja. Vikilia vya ncha moja tu ya chombo, upau umepanda zaidi upande wa pili, au sufu imelika hapo. Na kama hata pedali ikikanyagwa hadi mwisho sauti bado imebanwa, fimbo inayounganisha pedali na upau ni ndefu mno au fupi mno. Ina skrubu yake ya kurekebishia. Mwanafunzi anayefanyia mazoezi kwenye upau mbovu anajifunza kufidia ubovu huo kwa mguu, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa.

Mguu wenyewe: kisigino kibaki sakafuni, sehemu ya mbele ya wayo iwe juu ya pedali, uzito wa mwili uwe kwenye mguu mwingine. Viatu vya soli nene vinakunyima hisia ya mahali sufu inapoanza kuachana na alumini, na mahali hapo ndipo penye siri ya nusu pedali, ambapo sufu inagusa kidogo tu na sauti inafifia polepole badala ya kukatwa.

Wanaotoka kwenye piano huja na mazoea yanayowaponza hapa. Kwenye piano unaweza kupiga kodi mpya (noti kadhaa zinazolia pamoja), ukaishikilia kwa vidole, halafu ndipo ukabadilisha pedali. Vibrafoni haina vidole vya kushikilia. Ukiinua mguu baada ya kupiga, umeiua kodi mpya pamoja na ya zamani. Mguu unapaswa kuinuka kitambo kidogo sana kabla ya pigo, na kushuka pamoja na pigo lenyewe. Ukishuka umechelewa, pigo linasikika limekabwa. Ukiinuka mapema, kunakuwa na shimo la ukimya. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, piga kodi moja kila mapigo manne, na usisikilize kodi. Sikiliza ule mpaka ulio kati ya kodi moja na nyingine. Ukimya usiwepo, mchanganyiko usiwepo. Baada ya hapo badilisha kila mapigo mawili, kisha kila pigo.

Pedali lakini inazima kila kitu kwa pamoja, na muziki hautaki hivyo mara zote. Hapa ndipo kijiti kinapochukua kazi ya pili: kuzima kibao kimoja huku vingine vikiendelea. Wengi huliona jambo hili kama pambo la kujifunza baadaye. Mimi naliona kuwa nusu ya ufundi wote.

Zoezi la kwanza ni hili. Kanyaga pedali, usiiachie. Piga C kwa kijiti cha kulia. Unapopiga D kwa kushoto, wakati uleule kijiti cha kulia kinarudi juu ya C na kukaa. Hakipigi, kinakaa na kubonyeza. Kisha cha kulia kinapiga E wakati cha kushoto kikibonyeza D. Endelea hivyo hadi C ya juu. Mambo mawili huharibika. Kichwa cha kijiti kikitua kwa nguvu, unasikia pigo la pili la noti ileile unayotaka kuizima. Kikitua kwa wepesi mno, unasikia mlio wa "zzz", kwa sababu kibao kinatetemeka na kuugonga uzi wa kichwa mara nyingi kwa sekunde. Dawa yake ni kutua taratibu na kubonyeza kwa uthabiti, katikati ya kibao, ambako mtetemo ni mkubwa. Vibao vya chini vinahitaji mkandamizo zaidi. Usijaribu kuzimia pale inapopita kamba inayoshikilia vibao: hapo kibao hakitetemeki sana, karibu asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, kwa hiyo hakuna cha kuzima. Na kwa sababu ileile usipige hapo, utapata sauti kavu isiyo na mwili.

Noti gani izimwe na gani iachwe? Sikio ndilo linaloamua, lakini kuna kanuni inayosaidia: wimbo ukitembea hatua kwa hatua, zima uliyoiacha, ukiruka ndani ya kodi ileile, acha zilie pamoja. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye ufunguo wa F, katika mwendo wa kodi za G minor saba, C saba na F major saba. Chukua noti mbili tu kwa kila kodi, ya tatu na ya saba, kwa sababu hizo ndizo zinazoitambulisha. Shina lake, yaani noti ya msingi, mwachie mpiga besi. Unapata F na B-flati, kisha E na B-flati, kisha E na A. Waliolelewa na kwaya watalisikia haraka zaidi kwa solfa: do na fa, ti na fa, ti na mi. Kila mara sauti moja tu inashuka nusu hatua (umbali mdogo kuliko wote kati ya noti mbili), nyingine inabaki palepale.

Ukitumia pedali hapo, unaikata B-flati bila sababu na kulazimika kuipiga upya. Ukitumia vijiti, B-flati inabaki ikilia. Anzia F ya pili kutoka chini, maana chini ya F ya kwanza hakuna E. Kushoto piga F, kulia B-flati. Halafu kushoto inashuka kupiga E, na kulia, ambayo sasa haina kazi, inabonyeza F papo hapo. Kisha kulia inapiga A, na kushoto inapanda safu ya juu kubonyeza B-flati. Mapigo mawili tu yamebadilisha kodi mbili, na msikilizaji anasikia sauti zikitembea kama sauti za waimbaji waliokaa pamoja miaka mingi. Fanya hivyo katika funguo zote 12. Ni kazi ya wiki nyingi, na mwisho wake unajua mwendo huo kwa masikio, kwa mikono na kwa akili kwa pamoja.

Skeli unayopigia pia inabadilisha kazi ya kuzima. Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma, Ethiopia, ambaye vibrafoni ndiyo kiini cha muziki wake wa Ethio-jazz, mchanganyiko wa jazi na muziki wa Ethiopia, anapigia skeli za noti tano za kwao. Tizita ya major, C D E G A, haina nusu hatua hata moja, kwa hiyo pedali inaweza kukaa chini muda mrefu na noti zikavumiliana. Anchihoye, C, D-flati, F, G-flati, A, ina nusu hatua mbili, na hapo pedali ndefu inageuka kuwa mgongano. Ni mazoezi mazuri kuzipiga zote mbili mfululizo kwa mguu uleule na kusikia tofauti.

Kuhusu vijiti vinne sitaandika mengi leo. Mshiko wa Gary Burton, mpigaji vibrafoni wa Marekani, ambao umeenea sana kwa wapigaji wa jazi, unapishanisha vijiti ndani ya kiganja: cha nje kinapita kati ya kidole cha shahada na cha kati, cha ndani kati ya gumba na shahada, na vidole viwili vya mwisho vinabana mikia. Gumba likiingia kati ya vijiti, nafasi inapanuka. Kwa wimbo wa noti moja moja wengine hutumia vijiti viwili vya ndani, wengine cha ndani cha kushoto na cha nje cha kulia. Chagua kimoja na ukikalie. Kosa la kawaida ni kubana kwa nguvu mpaka kiwiko kinachoka. Vijiti vya henzirani vina unyumbufu wake, viache vifanye kazi. Vichwa viwe vya mpira uliofungwa uzi. Vichwa vya shaba au plastiki ngumu vya glokenspili (chombo kidogo cha vibao vya chuma) visiguse alumini kamwe, vinaacha mashimo ambayo hayatoki.

Mota ni suala la ladha. Inazungusha visahani vilivyo juu ya mirija ya mwangwi, mirija inafunguka na kufungwa, na sauti inapanda na kushuka kwa nguvu. Milt Jackson, mpigaji mwingine wa jazi, aliiweka taratibu sana, na noti zake ndefu zinapumua. Burton alizoea kuizima kabisa. Kwa anayejifunza napendekeza kuizima, maana mawimbi yake yanaficha makosa ya pedali. Ila ukiizima, zungusha visahani kwa mkono mpaka visimame wima. Vikibaki vimelala, mirija imezibwa na noti za chini zinakosa kifua, na mtu anaanza kulaumu vijiti.

Jingine la kuuliza kabla ya kupiga na piano: vibrafoni nyingi hutoka kiwandani noti ya A ikiwa na mitetemo 442 kwa sekunde, wakati piano nyingi ziko 440. Tofauti hiyo haisikiki kwenye wimbo wa haraka, lakini kwenye kodi ndefu inaleta mawimbi, na vibrafoni huwezi kuikaza kwa ufunguo kama gitaa. Ni piano itakayofuata, kama fundi wake anaweza kuja mapema.

Kwa kujipima, weka simu umbali wa mita mbili hivi mbele ya chombo, si juu ya vibao, kwa sababu karibu mno inanasa mapigo na kupoteza mabaki. Rekodi ule mwendo wa noti mbili mbili katika funguo tatu, kisha sikiliza kwa spika za masikioni. Kama F bado inasikika pamoja na E, kijiti cha kulia kimechelewa kutua. Kama kuna "tok" ya ziada, kimetua kwa haraka. Rudisha metronomu hadi 50 na uanze na ufunguo uliokushinda.