Tisini na Tisa kwa Namba za Kirumi

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayesoma darasa la nne hapa Busia, Uganda, aliniletea daftari lake la hesabu akiwa amenuna. Katika zoezi la namba za Kirumi alikuwa ameandika 99 kuwa IC, na mwalimu akampigia X nyekundu, ambayo kwa Kirumi, ukiitazama vizuri, ni kumi. "Mjomba," akaniuliza, "kwani mia ukitoa moja si tisini na tisa?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu kosa hilohilo nililifanya mimi nilipokuwa na umri wake, nikasahihishwa bila kuelezwa, na tangu hapo nimekuwa nikiandika XCIX kama mtu aliyekariri namba ya simu.

Herufi zenyewe ni saba tu, na mtoto huzishika kwa siku moja: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500 na M ni 1,000. Herufi ndogo ikifuata kubwa hujumlishwa, ndiyo maana VI ni 6. Ikiitangulia hutolewa, ndiyo maana IV ni 4. Matata huanzia hapo, kwa kuwa mtoto mwerevu akishaambiwa kwamba ndogo iliyotangulia hutolewa, huipeleka kanuni hiyo kila mahali, akaandika IL kwa 49, IC kwa 99 na IM kwa 999, na kila mara hesabu yake ya kutoa huwa sahihi kabisa.

Vitabu hujibu kwa kuongeza masharti: I hutolewa katika V na X pekee, X katika L na C pekee, C katika D na M pekee, nazo V, L na D hazitolewi wala hazirudiwi. Masharti hayo ni ya kweli, lakini hayamwambii mtoto sababu, na mimi sikutaka kumkaririsha kama nilivyokaririshwa.

Jibu nililipata nilipomwambia aitamke namba hiyo kwa sauti. Akasema, "Tisini na tisa." Hakusema "mia kasoro moja." Basi hapo ndipo penye siri yote: IC ni mia kasoro moja, ilhali namba inayotakiwa kuandikwa ni tisini, kisha tisa. Tisini ni XC, tisa ni IX, ukiziunganisha unapata XCIX. Neno letu "kasoro", lile tunalolitumia kwa saa, linaruhusiwa kufanya kazi ndani ya nafasi moja tu: katika mamoja, kumi kasoro moja, katika makumi, mia kasoro kumi, katika mamia, elfu kasoro mia. Haliruki kutoka mamoja hadi mamia.

Tukachora safu nne kama wanazochora shuleni wanapofundishwa thamani ya nafasi: maelfu, mamia, makumi na mamoja. Nikampa mwaka wa uhuru wa Uganda, 1962, akautamka huku akiandika: elfu moja, M, mia tisa, CM, sitini, LX, na mbili, II. Ikawa MCMLXII. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, akaitamka kwa Kiganda, "lukumi mu lwenda mu nkaaga mu bbiri", na vipande vikaangukia katika safu zilezile. Kisha nikampa 2005, na hapo akasita, kwa sababu hakujua aweke nini katika safu za mamia na makumi. Warumi hawakuwa na herufi ya sifuri. Safu isiyo na kitu haiandikwi, na mwaka mzima unakuwa MMV. Kinyume chake, 1888 inahitaji herufi kumi na tatu, MDCCCLXXXVIII, jambo lililomchekesha sana.

Nikiri pia kwamba Warumi wenyewe hawakuwa wakali kama mwalimu wake. Kwa mdomo, 19 waliiita undeviginti, yaani moja kutoka ishirini, kwa hiyo mawazo ya mpwa wangu yasingewashangaza. Na katika maandishi walichanganya: kwenye uwanja wa Colosseum ulioko Roma, lango la 44 limeandikwa XLIIII, kutoa kukiwa kumetumika kwa makumi na kukaachwa kwa mamoja. Saa yetu ya ukutani nayo ina IIII mahali pa IV, kama saa nyingi za aina hiyo. Saa hiyo, hata hivyo, si mwalimu mzuri kwa mtoto wa huku, maana mshale mfupi ukiwa kwenye VII sisi twasema saa moja, na ukiwa kwenye XII twasema saa sita. Mtoto anayejifunza namba za Kirumi kwa kutazama saa hiyo hulazimika kufasiri mara mbili.

Mwalimu bora zaidi ni majina ya watu. Kabaka Mutesa II husomwa Mutesa wa Pili, na Papa Paulo VI, aliyefika Uganda mwaka 1969, husomwa Paulo wa Sita. Papa Fransisko, aliyefika mwaka 2015, hakuwa na namba kwa kuwa hakukuwa na papa mwingine wa jina hilo kabla yake.

Baada ya hapo akauliza swali ambalo sikulitarajia: Warumi wangeandikaje bei ya gunia la mahindi? Kwa kuwa M hairudiwi zaidi ya mara tatu, herufi saba peke yake huishia 3,999, ambayo ni MMMCMXCIX, na kwa shilingi zetu kiasi hicho hakikufikishi mbali. Nikamwonyesha kistari kinachochorwa juu ya herufi ili kuizidisha mara elfu. Akaomba noti, nami nikazitoa mfukoni, nyingine tukaazima kwa mama yake, tukazipanga mezani kutoka ndogo hadi kubwa, naye akaandika kwenye karatasi: ya 1,000, M, ya 2,000, MM, ya 5,000, V yenye kistari, ya 10,000, X yenye kistari, ya 20,000, XX yenye kistari, ya 50,000, L yenye kistari. Kisha akaichukua ile ya M, akasema hiyo inatosha kununua penseli.